Waridi Linapopanda Pipa

Hebu tuulizane. Yale mawaridi mekundu ya Februari 14, yanayowaliza kwa furaha wenzetu wa London na Amsterdam, unadhani yanatoka wapi? Mengi yanatoka hapa jirani, Naivasha, Kenya. Na yanapanda pipa!

Waridi halina subira. Likishakatwa shambani linapozwa haraka, linafungwa kwenye maboksi na kukimbizwa uwanja wa ndege kwa gari la ubaridi. Likikwama siku mbili juani, halifai hata kuombea msamaha.

Ndiyo maana mwezi huu nataka tuzungumzie ndege za mizigo. Najua wapo watakaosema, "Mhariri naye, mapenzi yameisha?" Hayajaisha, mwenzangu. Ila penzi lisilo na kipato wote tunajua linakoishia, na huku kipato kipo.

Mfano mzuri ni Astral Aviation ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Sanjeev Gadhia. Huyu bwana hakutaka abiria, alitaka mizigo tu. Kampuni ikatumia ndege kama DC-9, Fokker 27 na Boeing 727, ambazo mashirika mengi ya abiria yalishazichoka. Ujanja wake ulikuwa rahisi: ndege kubwa za nje zinashusha mzigo Nairobi, Astral inausambaza kwenye miji ya Afrika ambako wakubwa hawafiki. Dawa na misaada ya kibinadamu nayo ikabebwa, mpaka Sudan Kusini na Somalia. Kidogo kidogo kampuni ikakua, hadi ikafikia Boeing 757 na 767.

Na sisi je? Air Tanzania ilizaliwa mwaka 1977, baada ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki kuvunjika. Kwa miaka mingi mzigo wetu ulibebwa kwenye tumbo la ndege ya abiria, na mboga na maua ya Arusha na Kilimanjaro yakawa yanapita Namanga kwenda kupandia ndege Nairobi. Kazi za kupakia, zikabaki huko huko. Juni 3, 2023 ndipo Boeing 767-300F ilipotua Dar es Salaam, ndege yetu ya mizigo yenye uwezo wa kubeba tani 54. Watu tulishangilia, na ilistahili.

Lakini Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaizuia Air Tanzania kuingia kwenye anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 zuio hilo likapanuliwa kwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Unaona, eeh? Ndege unaweza kuinunua. Kuaminiwa hakununuliwi, kunajengwa kila siku, kama ilivyo ndani ya nyumba.

Sasa twende Amani, kule Usambara Mashariki. Mwaka 1892 Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alichukua kutoka milima hii ua dogo la zambarau, akalipeleka kwao. Ua lile huzaa miche kwa jani tu, kwa hiyo Ulaya ikalizalisha yenyewe, na leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Ua lilikuwa letu, biashara ikawa yao.

Amani ya leo ina iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Hivi vikikaushwa vizuri havina haraka, vinaweza kusubiri meli bandarini Tanga. Njegere na maharage mabichi ya Lushoto ni hadithi nyingine. Hayo yanataka ubaridi kuanzia shambani, barabara inayopitika mvua ikishika, na ndege inayoondoka kwa saa iliyotajwa. Pakikatika popote katikati, mzigo ni wa ng'ombe.

Na anayeumia ni nani? Mara nyingi ni mama aliyechuma na kuchambua tangu alfajiri, halafu jioni mume anarudi mikono mitupu, ugomvi unaanza, kila mtu anadhani mwenzake kaficha hela. Kumbe hela haikuzaliwa kabisa.

Kwa hiyo wapendanao mnaolima, kabla ya kununua mbegu kaeni kitako. Nani ananunua? Lini? Mzigo utapita njia gani, na ukiharibika njiani hasara ni ya nani? Yaandikeni hayo na mnunuzi, wote wawili mkiwepo. Jiungeni na majirani pia, maana gari la ubaridi haliji kwa gunia moja.

Waridi la Februari ni tamu, sikatai. Ila mpenzi anayekaa na wewe mkapiga hesabu za njegere, huyo mshike sana.

Tukutane mwezi ujao!