Tuulizeni Wenyewe: Ilani ya Wanawake Wenye Ulemavu wa Viungo wa Nduguti

Sisi ni wanawake wenye ulemavu wa viungo wa Nduguti na vijiji vya jirani, hapa Wilaya ya Mkalama. Wamo kati yetu waliopata polio utotoni, waliozaliwa na mgongo wazi, waliokatwa mguu kwa kisukari, na walioangushwa na bodaboda kwenye barabara ya Iguguno. Wengine tunatembelea magongo, wengine tuna viti mwendo vinavyozama mchangani, na wengine bado wanatambaa kwa mikono kwa sababu hawajawahi kupata kiti chochote. Tunalima alizeti, tunashona, tunauza vitunguu, tunalea watoto wetu na wa wenzetu. Leo tunatangaza vuguvugu letu, na kabla ya kusema tunachodai tunasema tunachokiamini.

Mguu usiotembea peke yake haumvunji mtu moyo. Tumeuzoea, tumepanga maisha yetu nao. Kinachotuvunja ni namna tunavyotazamwa, na namna vitu vinavyojengwa kana kwamba hatupo. Nenda gulioni na mmoja wetu. Safari ni yake, pesa ameshika yeye mkononi, na mtoto wa kaka yake, msichana wa darasa la tatu, amekuja kumsaidia kubeba kikapu. Muuza vitenge anamruka kwa macho, anamgeukia mtoto: "Shangazi yako anataka rangi gani?" Mtoto anamtazama shangazi, shangazi anajibu, na muuzaji anaendelea kuzungumza na mtoto: bei, urefu, chenji. Hakuna tusi lililotamkwa. Lakini mwanamke yule anarudi nyumbani amefutwa, na safari ijayo anamtuma mtoto peke yake.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Beatrice Wright, alilieleza jambo hili mwaka 1960 katika kitabu chake juu ya ulemavu wa mwili. Mtazamaji huona upungufu mmoja, kisha huuacha usambae hadi kwa yasiyohusika, kama doa la mafuta kwenye kitambaa: mguu umelegea, basi masikio nayo hayasikii, akili haipigi hesabu, moyo haupendi. Sisi tulikuwa tunayaishi hayo bila kumsoma, lakini inatia nguvu kujua kwamba wataalamu nao wameliona kuwa ni kosa la anayetazama.

Maneno matatu yametufuata tangu utotoni: kwa hali yako. Kwa hali yako, shule utafikaje? Kwa hali yako, nani atakuoa? Kwa hali yako, mtoto utambebaje? Husemwa kwa upole, mara nyingi na wanaotupenda, mama zetu na bibi zetu, ndiyo maana huingia ndani sana. Msichana aliyelelewa kwa maneno hayo, siku akiulizwa anataka nini maishani, hana jibu. Watu husifu kwamba ni mpole. Sisi tunasema amefundishwa kutotaka kitu. Tukipita njiani tunamsikia mtu akimnong'oneza mwenzake, "Hujafa hujaumbika." Ameingiwa na huruma, tunajua. Lakini anayegeuzwa mfano wa balaa linaloweza kumpata mwingine kesho hapewi nafasi ya kuwa na leo yake mwenyewe.

Kaka zetu wenye ulemavu wanabeba mengi tunayobeba sisi, na tuko pamoja nao. Hata hivyo kaka akilemaa, ukoo hukaa kumtafutia mke wa kumtunza. Dada akilemaa, ukoo hukaa kuulizana nani atabaki naye. Michelle Fine na Adrienne Asch, ambaye mwenyewe hakuwa anaona, waliandika huko Marekani katika miaka ya 1980 kwamba mwanamke mwenye ulemavu hunyimwa nafasi zote mbili: hahesabiwi kuwa mtu wa kazi, wala hatarajiwi kuwa mke na mama. Anabaki hana pa kusimama.

Kwa nchi yetu hii jambo hilo ni aibu kubwa zaidi. Kwa desturi ya Wanyisanzu wa wilaya hii, mtoto hupata ukoo kwa mama yake. Katika tambiko lao la mvua, kijijini Kirumi, walihitajika wenye nchi wawili, yaani viongozi wa tambiko, mwanamume na mwanamke. Mmoja peke yake hakutosha. Watu waliojua thamani ya mwanamke kiasi hicho wanawezaje kumwambia binti yao mwenye magongo kwamba tumbo lake halihitajiki?

Mwenzetu mmoja alifika kujifungua katika kituo kimoja cha afya. Kitanda cha kujifungulia kilimfika kifuani. Akaambiwa apande. Hapakuwa na ngazi, wala kitanda cha kushushwa. Uchungu ukija alishika ukingo, ukipoa alijaribu kujivuta kwa mikono. Mwishowe alitandika kanga yake juu ya sementi, akajifungulia hapo. Mtoto ni mzima na anasoma. Mama yake akisimulia, baridi ya sementi haitaji kabisa. Anataja nesi aliyemwuliza mwenzake, yeye akiwa anasikia: "Huyu naye, nani kamtia mimba?" Wengi wetu tuliowahi kwenda kliniki tumesikia swali la namna hiyo, na wapo waliofanya mimba iliyofuata isijulikane kliniki hadi siku ya uchungu. Hapo ndipo dharau inapogeuka kuwa hatari ya kifo.

Ngazi ya mbao yenye vipandio viwili vipana, pamoja na mahali pa kushika, seremala wa hapahapa anaimaliza kwa siku moja. Kitanda kifupi cha chuma kwa ajili ya asiyeweza kukanyaga, mchomeleaji anakiweza. Tumeanza na haya makusudi, ili jibu la bajeti lisiwe la kwanza kutolewa.

Yako pia mambo yasiyosemwa barazani, nasi tutayasema. Mwanamke asiyeweza kukimbia huvamiwa usiku, na mara nyingine anayevamia ni mtu wa nyumba hiyohiyo au jirani anayejua mlango haufungi. Akipata mimba, huulizwa yeye. Akimtaja mtu, wazee hukaa, mbuzi hutolewa, neno linafungwa. Tunatamka wazi kuwa ubakaji ni jinai na haumalizwi kwa mbuzi. Polisi wana dawati la jinsia na watoto. Tunataka liwe mahali ambapo mwenye magongo anaweza kuingia bila kubebwa mgongoni na mtu yuleyule anayemwogopa.

Kwa sababu ya haya yote tumekataa kuchagua kati ya kutibu mioyo na kudai haki. Ushauri nasaha usiogusa kile kitanda unatufundisha kuvumilia kitanda. Na madai yasiyojali yaliyomo ndani ya mtu huishia mikononi mwa wachache waliojaliwa uthubutu, huku mwenzao aliyeamini kuwa hastahili chochote akibaki chumbani. Hatumwelewi mtetezi anayetuambia tupaze sauti bila kuuliza nani aliizima.

Kwa upande wa mioyo, tutaanza wenyewe kwa wenyewe. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe imekuwapo Dodoma tangu 1927, na kwa mama asiye na nauli Dodoma ni mbali. Tumejifunza kutoka Harare. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alipokosa wataalamu wa kutosha, aliwafundisha bibi 14 kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliosaidiwa na washauri wa namna hiyo, watu wa kawaida waliopewa mafunzo, walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi tunao. Wenye subira ya kusikiliza tunao.

Mwanamke aliyekatwa mguu mwezi huu atatembelewa na mwenzake aliyekatwa wake zamani. Mgeni huyo hatamwambia "jikaze". Atamwonyesha anavyopanda bodaboda, anavyooga bila kuteleza, anavyomfunga mtoto mgongoni akiwa ameketi kitandani kisha ndipo ashike magongo. Mwenyeji akitaka kulia, atakaa naye alie. Mambo yao hayatatoka nje ya nyumba ile, isipokuwa maisha yakiwa hatarini: anayetaka kujidhuru, au aliyezidiwa na hofu hadi hali wala halali, tutampeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Na hatutamlazimisha mtu yeyote kusimama mbele ya watu kusimulia yaliyompata. Wengi tumeshatumiwa hivyo kwenye semina, tukapigwa picha, tukarudishwa nyumbani.

Kwa upande wa haki, hatuombi msaada mpya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 6 inawataja wanawake waziwazi. Ibara ya 23 inalinda haki ya kuoa na kuolewa, kupanga uzazi, na kutoharibiwa kizazi kwa sababu ya ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, na chini yake zinatakiwa kuwepo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Tutauliza kijiji kwa kijiji: kamati iko wapi, ilikaa lini, na wanawake ndani yake ni wangapi?

Kuhusu mikopo ya halmashauri tuna neno. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, nasi tulifurahi. Lakini mwanamke wa magongo akikaribia kikundi cha wanawake huelekezwa kwenye ile asilimia 2, na akifika huko hukuta uenyekiti na uweka hazina umeshikwa na wanaume. Sisi ni wanawake, na baadhi yetu ni vijana. Tunadai kupokelewa kwenye kila mlango unaotuhusu, na katika kila kikundi cha watu wenye ulemavu mmoja wa wanaotia saini kutoa fedha awe mwanamke.

Tunajivunia kuwaona wanawake wenye ulemavu, Ikupa Alex kuanzia 2017 na Ummy Nderiananga kuanzia 2020, wakikaa kwenye kiti cha naibu waziri. Lakini kiti cha Dodoma hakijafika kitongojini. Waganda wametutangulia: sheria yao inaweka katika halmashauri ya wilaya madiwani wawili wenye ulemavu, na mmoja lazima awe mwanamke. Nasi tunataka hivyo hapa, na hatutasubiri sheria ibadilishwe ndipo tugombee ujumbe wa serikali ya kijiji.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Katika kila kijiji tulipo, mkutano ujao tutamwandikia mtendaji mapema tukitaka mambo matatu yaingie kwenye ajenda: kamati, kitanda cha kujifungulia, na mahali mkutano wenyewe unapofanyikia, pawe tambarare na pawe na choo tunachoweza kuingia. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Yasipoandikwa, tutapeleka barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa ustawi wa jamii.

Wazazi mliowaweka binti zenu ndani, kwa aibu au kwa kuwalinda, tutawabishia hodi. Hatuji kuwashtaki. Tunakuja kuzungumza na binti mwenyewe, nanyi mkae msikilize anavyojibu.

Kujiunga hakuna kiingilio wala kadi. Wasio na ulemavu wanakaribishwa kutubebea viti, kutuandikia barua na kusukuma kazi. Uongozi tutashika wenyewe. Asiyeweza kufika atume mtoto atuonyeshe nyumba, tutamfuata.