Shule Ina Jina, Lakini Ina Walimu Wangapi?

Matokeo ya kwanza kabisa ya KJSEA yalitoka Disemba 2025. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.1 nchi nzima, na KNEC haikutangaza shule ya kwanza wala ya mwisho. Lakini sisi orodha hatukosi. Kaa barazani Mambrui, Gongoni au Ngomeni utapewa: ile nzuri, ile achana nayo, na kama una pesa mvushe mtoto mto Sabaki akasome Malindi. Uliza uzuri wenyewe ni upi. Utaambiwa ina jina.

Jina hilo lilijengwa enzi za KCPE, na KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. JSS ni kitu kingine. Iko ndani ya uwanja ule ule wa shule ya msingi, geti moja, mwalimu mkuu mmoja, lakini Gredi ya 7 mpaka 9 ina walimu wake, waliosomea kufundisha sekondari. Shule inaweza kuwa ilitoa watoto wa alama 400 miaka kumi nyuma na leo JSS yake ikawa inachechemea. Na kinyume chake pia.

Vijana, mnaombwa ushauri na wadogo zenu na wajomba zenu, kwa hivyo tupige hesabu kidogo. JSS ina masomo 9. Mwalimu wa sekondari kwa kawaida amesomea masomo mawili. Ukitaka kila somo lipate mwenyewe, unahitaji walimu watano, na hapo hujahesabu mikondo. Shule ikiwa na watatu, maana yake mwalimu wa Kiswahili ndiye pia wa Sayansi, na wa Historia anabeba somo la ufundi. Walimu hawa wengi walianza kama intern kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakaingia barabarani 2024 kudai ajira ya kudumu. Sisi hatuwalaumu hata kidogo. Tatizo ni nani aliyegawanya, shule hii ikapata sita na jirani yake ikaachiwa wawili.

Tofauti hiyo haibaki darasani. Alama ya mwisho ya mtoto ni asilimia 20 kutoka KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 mtihani wenyewe wa Gredi ya 9. Juu ya hiyo ndipo anapangiwa mkondo wa sekondari pevu: STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto asiyewahi kuwa na mwalimu wa sayansi miaka mitatu ataambiwa hana kipawa cha sayansi. Na huku Ngomeni ndiko satelaiti ya Uhuru ilirushwa 1970! Kipawa kimepimwaje kama hakikufundishwa?

IRE nayo ihesabiwe. Somo la dini ni moja kati ya yale 9 na pointi zake zinaingia kwenye jumla ya 72. Pale ambapo hakuna mwalimu wa IRE, mtoto wetu ama anakaa darasa la CRE, ama anajisomea peke yake na noti za kuazima. Ukilinganisha shule mbili bila kuuliza hilo, bado hujalinganisha.

Halafu pesa. Serikali iliweka Sh15,042 kwa kila mwanafunzi wa JSS kwa mwaka. Pesa inafuata kichwa. JSS yenye watoto 160 inastahili Sh2,406,720, yenye watoto 40 ni Sh601,680, hata zikija kamili na kwa wakati, jambo ambalo halifanyiki mara nyingi. Maabara haipungui bei kwa sababu watoto ni wachache. Basi kila mzazi mwenye uwezo anapomhamisha mtoto kwenda Malindi kwa sababu ya jina, anaondoka na kichwa kimoja na pesa yake, na wale wa nyuma wanabaki na shule dhaifu zaidi. Hatumkatazi mtu, kila mzazi anatafuta heri ya mwanawe. Ila wasio na nauli ya kuvuka daraja kila asubuhi ndio wengi wetu.

Kwa hivyo tufanye hivi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya mwaka 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, na Kiswahili kinaruhusiwa. Mwenye kitambulisho aandike barua kwa shule ya mtaa wake, nakala kwa ofisi ya elimu ya Magarini. Aulize: walimu wa JSS ni wangapi na wamesomea masomo gani? IRE inafundishwa na nani? Wanafunzi ni wangapi Gredi ya 7, 8 na 9? Mwaka jana mliingiziwa shilingi ngapi za JSS, na zilinunua nini? Kuna maabara? Uliza kwa adabu. Mwalimu mkuu mara nyingi analia kilio hicho hicho chako.

Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Siku 21 zikipita kimya, malalamiko yanakwenda kwa Ombudsman. Majibu mtakayopata tutumieni inbox, shule kwa shule, kuanzia Mambrui mpaka Marereni, tuyaweke pamoja kabla Gredi ya 9 ya mwaka huu haijakaa mtihani.