Dakika 15 na Kiazi Kitamu

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, nanyi wa miji mingine yenye vyuo vinavyofundisha jioni,

Saa kumi na moja jioni, ofisi za eneo la Posta zinapofungwa, wapo wanaokimbilia mwendokasi kurudi nyumbani na wapo wanaokimbilia darasani. Hawa wa pili ni makarani, walinzi, wauguzi na wauzaji wa madukani Kariakoo wanaotafuta stashahada au shahada baada ya kazi. Wamekula mchana saa saba. Kipindi kinaisha saa tatu usiku, na anayeishi Chanika au Mbezi ataiona sahani yake saa nne ikiwa imeshapita. Hizo ni saa tisa za njaa, na katikati yake ndipo tunapomtaka aelewe hesabu za uhasibu.

Getini kuna chipsi, maandazi na soda, na mwenye njaa hana miiko. Soda ya kawaida ya mililita 330 ina takribani gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na akiweza aishie 25. Shibe ya soda hiyo haifiki kipindi cha pili.

Tumezoea kusema wanafunzi wa siku hizi hawajui kula. Sikubaliani. Mtu anayetoka kazini moja kwa moja hana jiko wala muda, na hawezi kununua kisichouzwa. Kwa hiyo sitamhubiria yeye peke yake. Nasema nasi tunaomzunguka.

Chakula chenyewe tunacho. Kiazi kitamu kilichochemshwa na maganda yake hakimwagiki wala hakipaki daftari mafuta. Yai moja lina kama gramu 6 za protini, na karibu robo ya uzito wa karanga ni protini. Ndizi mbivu inakuja na kifungashio chake. Anayebeba kutoka nyumbani asubuhi achague vikavu na matunda: karanga, ndizi, chungwa, tende. Chapati yenye maharage iliyofungwa alfajiri isisubiri jioni kwenye mkoba, maana chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili bila kutunzwa kwenye moto au baridi. Hicho kiletwe na mama lishe jioni ileile, kikiwa moto kwenye hotpoti.

Si kila kinachobebeka ni salama, lakini. Mtazame muuza mayai pale kituoni: anamenya yai kwa vidole vilivyotoka kupokea noti, analipasua, analijaza kachumbari iliyoshinda juani ndani ya kopo, kisha anakukabidhi kwenye kipande cha gazeti. Chukua yai na ganda lake, unawe, umenye mwenyewe, na kachumbari umwachie. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupwe, kwa sababu kukaanga hakuimalizi sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo hushambuliwa vilevile.

Wakuu wa vyuo na walimu, tunawaomba dakika 15 katikati ya masomo, bomba la maji lenye sabuni, na meza moja ndani ya geti. Mtasema muda hautoshi. Mbona mwezi wa Ramadhani unatosha? Adhana ya magharibi ikisikika, mwalimu anasimama, tende na maji vinapita kutoka dawati hadi dawati, waliofunga na wasiofunga wanakula, na mtaala unamalizika kama kawaida. Kinachowezekana mwezi mmoja kinawezekana muhula mzima.

Wanafunzi, changeni. Darasa la watu 40, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa jioni ya kipindi, lina oda ya shilingi 40,000. Si pesa ya karamu, lakini ni oda ya uhakika, na uhakika ndio mama lishe anaoukosa. Leo anakaanga chipsi kwa sababu anajua zitanunuliwa. Akijua viazi na mayai ya kuchemsha havitamlalia, atavipika. Mwekeni mweka hazina anayeaminika, na hesabu zibandikwe kwenye kundi la darasa kila wiki.

Wenyeviti wa serikali za mitaa, msimfukuze mama huyo getini saa kumi na mbili jioni. Mwonyesheni pa kukaa na pa kutupa taka, kisha mkague usafi wake. Waajiri, mruhusuni anayesoma atoke robo saa mapema siku za kipindi.

Wawakilishi wa madarasa, andikeni barua ya kuomba meza na mapumziko kabla muhula ujao haujaanza. Wakuu wa vyuo, zijibuni.