Muulize mtengeneza divai amemlipa nani



Mtengeneza mvinyo huwa mtu wa maneno mengi ukimuuliza habari za ardhi yake. Wa Dodoma atakueleza kwamba nchi ya Ugogo ni kame, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, na kwamba ukavu ule ule unaomliza mkulima wa mahindi ndio mzabibu unaoupenda. Atakueleza kwamba Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima mwenyewe ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na ndiyo maana huvuna mara mbili. Zabibu za masika humtia wasiwasi kwa sababu unyevu huleta ukungu. Za kiangazi, zile za Agosti na Septemba, atakusifia mpaka uchoke.

Ni mazungumzo matamu. Ukiyasikiliza ukiwa umesoma Yohana 15, unaelewa vizuri zaidi kwa nini Bwana alimwita Baba mkulima na akataja habari ya kusafisha matawi. Mahubiri mengi yamejengwa hapo, nami sina ugomvi nayo. Lakini mazungumzo haya yana kawaida ya kukatika mahali pamoja: yanatoka kwenye udongo, yanapita kwenye jua, yanaingia kwenye pipa. Mikono iliyochuma haitajwi.

Hili halikuanza kwetu. Februari 2, 1659, Jan van Riebeeck, kiongozi wa makao ya Waholanzi kule Rasi ya Tumaini Jema, aliandika katika shajara yake kwamba siku hiyo divai ilikuwa imekamuliwa huko kwa mara ya kwanza kutokana na zabibu za Rasi, na akamshukuru Mungu. Mwaka mmoja kabla, 1658, meli mbili zilikuwa zimeshusha watumwa bandarini hapo hapo. Kwa zaidi ya miaka 150 iliyofuata mashamba ya mizabibu ya Rasi yalitegemea jasho la watumwa. Hata baada ya utumwa kufutwa, vibarua wengi waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa divai yenyewe, wakimiminiwa vikombe mara kadhaa kwa siku. Utaratibu huo, ulioitwa dop, ulipigwa marufuku kisheria lakini ukaendelea kwa miaka mingi, na mpaka leo jamii za mashambani huko zinalea watoto walioathiriwa na pombe wakiwa tumboni. Shukrani ya mwaka 1659 naamini ilikuwa ya dhati. Ndiyo inayonisumbua.

Hapa unaweza kuniambia kwamba wewe pombe huionji, au kwamba kanisani kwenu kikombe cha Meza ya Bwana hujazwa juisi. Sawa kabisa, wala siandiki kumshawishi mtu anywe. Juisi nayo ina shamba lake. (Na tazama lugha yetu: dukani tunaita mvinyo, madhabahuni tunaita divai, kana kwamba ni vitu viwili vilivyotoka kwenye mashamba mawili.)

Fungua Walawi 19. Mstari wa 10 unamkataza mwenye shamba la mizabibu kukwanyua kila kichala na kuokota kila punje iliyoanguka. Zilizobaki ni za maskini na mgeni. Mistari mitatu mbele, wa 13, unakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri mpaka asubuhi. Sasa soma Mathayo 20 ukikumbuka hilo. Tumezoea kubishana kuhusu walioajiriwa saa ya kumi na moja, kama ilikuwa haki walipwe sawa na waliochomwa na jua kutwa. Tunaruka neno dogo: ilikuwa jioni. Yule bwana alilipa siku ile ile, na hakuna mtu aliyerudi nyumbani na ahadi.

Mkulima wa zabibu wa Dodoma anazijua ahadi. Kwa miaka mingi malalamiko yake yamekuwa yale yale: soko, bei na malipo yanayochelewa. Ugumu uko kwenye tunda lenyewe. Mahindi unaweza kuyaweka ghalani ukasubiri bei. Zabibu ikishakatwa haiivi zaidi, na kwa joto la Dodoma siku chache zinatosha kuiharibu. Mnunuzi analijua hilo. Akichelewa kidogo tu, bei inashuka bila yeye kufungua kinywa. Ndiyo maana nawapongeza wasindikaji wadogo wanaokamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda vikubwa. Mchuzi ukiwa ndani ya tangi, mwenye nao anaweza kusubiri.

Mwenye kiwanda naye ana yake ya kusema, na tusimfanye shetani. Divai inakaa miezi kabla haijawa fedha, chupa na vizibo vinataka malipo leo, na rafuni anasimama pembeni ya mvinyo wa Afrika Kusini wenye jina kubwa. Yote ni kweli. Lakini Walawi hawakuandikiwa kwamba ujira usilale isipokuwa biashara ikiwa ngumu.

Kanisa Katoliki linaagiza kwa sheria kwamba divai ya Misa iwe ya zabibu halisi na isiwe imeharibika. Ni agizo jema, na madhehebu mengine yana uangalifu wao. Nasema tu kwamba Yakobo, sura ya 5, anataja uharibifu ambao ulimi hauwezi kuuonja: ujira uliozuiliwa wa wavunaji, ambao kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana.

Kwa hiyo, mweka hazina wa usharika, mzee wa kanisa, sista unayetunza sakristia: wewe ndiye unayenunua. Unapopiga simu kuagiza, umezoea kuuliza bei ya katoni na siku ya kufika. Ongeza swali moja: zabibu za msimu uliopita mlimlipa nani, na baada ya siku ngapi? Muuzaji huenda asiwe na jibu siku hiyo. Mwambie utapiga tena kesho.