Kuvuka ziwa na bunduki ya kuwindia: sheria gani inamungojea mwindaji wa Bendera?

Kila mara silaha zinaposikika upande wa Fizi, ao barabara ya kwenda Kalemie inapokuwa mbaya, familia za Bendera zinajiuliza swali lilelile: tubaki, tushuke Kalemie, ao tuvuke ziwa? Kisha Bukavu kuanguka mwezi wa pili wa mwaka 2025, watu wa Kivu Kusini walishuka hadi huku kwetu, na wengine wakaanza tena kuangalia upande wa Kigoma. Lakini katika nyumba ya mwindaji kuna swali moja la zaidi, na mara nyingi halisemwi kwa sauti: na bunduki, inakwenda wapi?

Swali hili si dogo. Bunduki ambayo hapa kijijini kila mtu anaijua, ambayo imelisha watoto na kulipa masomo, inaweza kumpeleka mtu gerezani miaka mingi siku ileile anapotia mguu kwenye udongo wa inchi nyingine. Na si kwa sababu mtu amebadilika. Ni sheria iliyo mbele yake ndiyo imebadilika.

Huku kwetu: sheria iko, karatasi haiko

Wengi wanafikiri kama Kongo haina sheria ya kuwinda. Iko, na ni ya zamani. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inapanga mambo ya kuwinda. Ile namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inapanga mambo ya silaha na risasi. Maana yake ni kwamba mwindaji anapashwa kuwa na karatasi mbili, si moja. Ya kwanza ni ya bunduki, ya pili ni ya nyama anayokwenda kuua. Ile sheria ya 1982 iliwafikiri hata watu wa vijijini: iliweka permi ya mwindaji wa kijiji na permi ya kundi zima la wakaaji. Inakataza pia kuwinda kwa silaha za vita.

Katika maisha ya kila siku, mambo ni mengine. Mwindaji wa kijiji anajulikana kwa uso, si kwa karatasi. Bunduki yake mara nyingi ni ile ya baruti, ya kushindilia, iliyotengenezwa na fundi wa chuma. Chefu wa kijiji anajua nani anayo. Nyama ikianguka, sehemu ya chefu inatoka. Kwenye barieri, mambo yanamalizika kwa maneno na kitu kidogo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwinda miaka ishirini na asijue kama sheria ya 1982 ipo.

Namna hiyo inafanya kazi mpaka siku ile vita vinapofika. Hapo bunduki inageuka alama. Askari akimukuta mtu porini na bunduki, anaona Maï-Maï. Kundi la silaha likimukuta, linaona mpelelezi. Bendera inajua hadisi hii tangu zamani. Tarehe 29 Juni 1965, waasi pamoja na Wakuba waliokuja na Che Guevara walishambulia kambi ya jeshi iliyokuwa karibu na kiwanda cha umeme, na silaha zao zilikuwa zimevuka ziwa kutoka Kigoma. Mwaka 1984, na tena mwaka 1985, Moba ilishambuliwa na waasi wa PRP. Katika sehemu yetu, serikali haijawahi kuangalia bunduki kama chombo cha kazi peke yake.

Sheria inaweza kuhama, mtu akiwa amebaki

Kuna jambo tunalolisahau tunapozungumza juu ya kuhama. Hata mtu ambaye hakuondoka Bendera amepata sheria mpya. Mwezi wa Desemba 2016, jimbo la Tanganyika liliunda Hifadhi ya Kabobo, katika ile milima iliyoko kati yetu na ziwa. Msitu ambao baba na babu waliingia bila kuuliza ukapata mipaka na walinzi. Kule kuna sokwe, na kuna mbega wa Kabobo ambaye haonekani popote pengine duniani. Wanyama wa namna hiyo hawawindwi, hata mtu akiwa na permi.

Wakaaji, Wabantu na Batwa, walihusishwa katika kupanga mipaka ile, na hilo ni jambo jema. Lakini fikiria mtu aliyekimbia mwaka 1996 akiwa kijana, akakaa Tanzania miaka mingi, kisha akarudi. Anaukuta msitu mahali pake, njia mahali pake, na sheria nyingine. Yeye amerudi nyumbani, lakini kwa upande wa kuwinda amefika inchi ya kigeni.

Ng'ambo: Tanzania haichezi na bunduki

Sasa tuvuke. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inasema waziwazi: mtu anayeingia kuomba ukimbizi anapashwa kukabizi silaha na risasi zake kwa mkubwa wa serikali mara tu anapofika. Haiulizi kama ni ya vita ao ya kuwindia. Hata ile ya baruti, ambayo Watanzania wanaiita gobore, inahesabiwa kuwa silaha.

Mwananchi wa Tanzania mwenyewe hapati bunduki kwa urahisi. Sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 2015 inataka leseni. Maombi yanaanzia kwenye kamati ya usalama ya kijiji ao ya mtaa, yanapanda kwenye kata, yanafika wilayani na polisi. Watu wa kwao wanapashwa kusema kama muombaji ni mtu wa kutumainiwa. Huku kwetu chefu anakujua na mambo yanaishia hapo. Kule, kujulikana na jirani ni hatua ya kwanza tu, na inaandikwa.

Kisha kuna mnyama. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema nyama ya porini isiyo na kibali ni nyara ya serikali. Neno hilo, nyara ya serikali, mkimbizi wa Kongo anapashwa kulijua kabla ya neno lingine lolote. Si lazima ukamatwe na bunduki. Kipande cha nyama kavu kwenye mfuko kinatosha kukupeleka mahakamani, na mahakama za Tanzania zimekwisha kuhukumu watu miaka 20 kwa nyama tu. Mama anayeuza nyama iliyoletwa na mume wake usiku yuko katika hatari sawasawa na mwindaji.

Ni kweli, Tanzania iliruhusu bucha za nyamapori. Lakini bucha ile iko na kibali, na nyama yake iko na hati. Ni biashara ya mwenye karatasi. Na mkimbizi wa Nyarugusu hata kutoka nje ya kambi anahitaji ruhusa. Tukisema ukweli, kwake yeye njia halali ya kuwinda haiko.

Njaa ya nyama haifutwi na sheria

Hapa tusilaumu upande mmoja. Mwaka 2008, shirika la TRAFFIC lilitoa uchunguzi juu ya nyama ya porini katika kambi za kaskazini-magharibi ya Tanzania. Lilionyesha kwamba watu waliozoea kula nyama walikuwa wanapewa chakula kisicho na nyama: unga, maharage, mafuta, chumvi. Ndani ya kambi nyama ile ilikuwa na jina la siri, mchicha wa usiku. Wanyama walipungua katika mapori ya karibu, na watu walikamatwa. Uchunguzi ule ulisema jambo ambalo kila mama anajua: ukimunyima mtu nyama halali, ataitafuta ile isiyo halali.

Kwa hiyo kazi ya kuzoea sheria mpya si ya mwindaji peke yake. Mashirika yanayogawa chakula yanaihusika. Serikali inayopokea inaihusika, kwa kueleza sheria yake kwa Kiswahili watu wanachokielewa, siku ya kwanza, si siku ya hukumu.

Walioshuka Zambia, na waliofika Marekani

Wale waliokimbia mapigano ya Tanganyika na Haut-Katanga mwaka 2017 kuelekea Zambia, wengi waliwekwa Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge. Kule sheria ya wanyama ya mwaka 2015 inasema kwamba wanyama wa porini wako mikononi mwa rais kwa niaba ya jamuhuri. Maana yake ni ileile: hakuna mnyama asiye na mwenyewe.

Marekani mambo yamegeuka kabisa. Wakongomani wengi wa Nyarugusu walipelekwa kule kabla ya mlango wa wakimbizi kufungwa Januari 2025. Wanashangaa: mtu aliyepokelewa kama mkimbizi, sheria ya taifa haimukatazi kununua bunduki dukani, baada ya jina lake kuchunguzwa. Bunduki ni rahisi. Kugumu ni kwa mnyama. Kila jimbo liko na leseni yake. Mwindaji mpya kwa kawaida anapitia masomo ya usalama. Paa anawindwa siku fulani za mwaka, kwa hesabu iliyoandikwa. Kumumulika usiku kwa tochi na kumupiga, namna tunavyofanya huku, ni kosa karibu kila mahali. Na nyama ile unakula, unagawia jirani, lakini huuzi.

Na kuna mtego mmoja. Mtu ambaye hajapata uraia, akihukumiwa kwa kosa la silaha, anaweza kurudishwa alikotoka. Na mtu aliyehukumiwa kwa kumupiga bibi yake, hata kama hukumu ni ndogo, haruhusiwi tena kushika bunduki. Wengine wanajifunza hilo wakiwa wamechelewa.

Ukipanga inchi hizi pamoja, unaona kila moja inaweka kufuli lake mahali pake. Kongo ililiweka kwenye karatasi ambayo haifiki kijijini. Tanzania imefunga bunduki na nyama pamoja. Marekani imeacha bunduki wazi na kufunga siku za kuwinda. Mwindaji anayebeba mazoea ya inchi moja kuingia inchi nyingine anajikwaa kwenye kufuli ambalo hakulitazamia.

Lakini kuna pahali inchi za kwetu zinakutana. Kongo na Tanzania zote ziko katika mapatano ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 juu ya silaha ndogo. Mapatano yale yanakataza kabisa raia kushika bunduki za kujifyatulia zenyewe. Kwa hiyo yule anayesema AK yake ni ya kuwindia tu, hana pa kujitetea, pande zote mbili za ziwa.

Kabla ya kupanda mtumbwi

Mwindaji ambaye anafikiri kuvuka afanye nini? Kwanza, asivuke na bunduki, hata ya baruti. Kuizika shambani si dawa pia, maana atakayeifukua hatujui ni nani, na damu itakayomwagika itatafuta jina la mwenyewe. Afazali kuikabizi kwa viongozi, mbele ya chefu na mashahidi, na kuomba karatasi inayoandika siku na aina ya bunduki. Umoja wa Afrika umeweka mwezi wa Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari. Viongozi wa teritware ya Kalemie wangeweza kuutumia mwezi huo kwa kuwafikia wawindaji wa vijiji, wasiwaweke katika mfuko mmoja na wapiganaji.

Pili, mtu akijikuta amekwisha kuvuka nayo, aseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Sheria inataka akabizi anapoingia. Kila siku anayoificha inamuharibia maneno yake.

Tatu, asibebe nyama kavu, meno, ngozi ao dawa ya kienyeji yenye kipande cha mnyama. Familia inafikiri ni chakula cha njiani. Askari wa ng'ambo anaona nyara ya serikali.

Nne, akifika, aulize: mahali hapa, mnyama ni wa nani, na nani anatoa ruhusa? Swali hilo linagarimu dakika moja.

Na kwa sisi tuliobaki, swali ni lilelile. Sheria ya 1982 iliahidi permi kwa mwindaji wa kijiji. Kama permi ile ingefika Bendera, kwa bei ambayo mkulima anaiweza, mwindaji angekuwa na jina katika kitabu cha serikali kabla ya vita kumupa jina lingine.