Wembe au Mashine?

Wahenga walisema: mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Lakini Garissa, ukiuacha Mto Tana, maji yenyewe ni ya kutafutwa. Ndipo mashine ya umeme ikapata wapenzi: haitaki maji wala povu, wala haichubui ngozi yenye vipele. Ila hainyoi hadi shinani, na vijiji vingi vya mbali havina umeme, ingawa Garissa ina mtambo wa jua wa megawati 50 tangu 2019.

Wembe hung'arisha kichwa. Lakini ukipita vichwa viwili waweza kuhamisha homa ya ini na ukimwi. Sunna yatutaka tupunguze masharubu, tusipitishe siku 40. Haikutuagiza tuchangie damu. Enyi vinyozi, kila kichwa na wembe wake mpya, na mashine isafishwe kwa spiriti kila anyolewapo mtu.