Gitaa la Bendi Tusilichimbe

Nianze kwa kukiri: hii habari ya tremolo niliianzisha mimi. Napiga solo kwenye bendi yetu ya chuo, na kwenye kikao cha mwezi uliopita nilisimama nikaomba gitaa letu la umeme lifungwe mkono wa tremolo, ule wa chuma unaoubonyeza sauti ikayumba. Wenzangu wakapiga makofi. Ijumaa hii tunapiga kura, na mimi nitasema hapana. Nimeshaitwa kigeugeu mara mbili kantini, kwa hiyo acheni nijieleze.

Gitaa lenyewe mnalijua, lile jeusi ambalo daraja lake limekazwa moja kwa moja kwenye mbao. Walilinunua kaka na dada zetu waliotutangulia, kila mmoja akimega kidogo kwenye boom lake. Katikati ya wiki mwaka wa kwanza wanajifunzia, Jumamosi tunapigia rumba, Jumapili watu wa kwaya wanaliazima. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusema ni lake.

Baada ya kile kikao nililipeleka kwa fundi seremala mmoja mjini. Akaligeuza, akaligonga kwa kidole, akachukua penseli na kuchora mstatili mgongoni. Hapo ndipo patasi ingepita. Kisha akaniuliza, "Kijana, hili gitaa ni lako?" Nikamjibu ni la bendi. Akasema, "Basi kawaulize tena wenzako. Mbao nikishaitoa, sina namna ya kuirudisha." Nikarudi nalo chuo siku ileile. Ile penseli bado ipo, nendeni mkaione.

Tuelewane kwanza ni kitu gani niliomba. Nilitaka tremolo ya aina iliyokuja na gitaa la Fender Stratocaster mwaka 1954. Daraja lake halikazwi likatulia, linakaa kama bembea. Nyuzi 6 zinalivuta kwa mbele, na springi zilizofichwa kwenye tundu la mgongoni zinalivuta upande wa pili. Ukibonyeza mkono nyuzi zinalegea na noti zinashuka. Ukiachia, springi zinarudisha daraja mahali pake. Hata jina lilikosewa tangu mwanzo, maana tremolo ni sauti kuongezeka na kupungua nguvu, na mkono huu kazi yake ni kushusha na kupandisha noti. Fender waliita hivyo, dunia ikafuata.

Sauti yake ni tamu, sikatai. Tatizo ni bembea yenyewe. Nyuzi 6 za kawaida kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40, na springi zinausawazisha mvuto huo. Daraja likifungwa lielee hivyo, uzi mmoja ukikatika mizani inaharibika: springi zinashinda, na nyuzi 5 zilizobaki zinapanda zote, gitaa zima linatoka nje ya tuni.

Sasa kumbukeni ule usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Uzi wangu mwembamba ulikatika katikati ya wimbo. Nilikunja uso, nikahamia uzi wa pili, tukamaliza na watu wakacheza. Wengi wenu hamkujua. Lile daraja lililotulia ndilo lililotuokoa. Tungekuwa na bembea, ningesimama pale nakaza nyuzi huku ukumbi mzima unapiga miluzi. Na huyu wa mwaka wa kwanza ambaye kutuni kwenyewe bado kunampa jasho, tunampa springi za nini?

Kuna mwenzangu ameniambia, "Wewe unaogopa mabadiliko." Hapana, ndugu yangu. Tuko Dodoma, nchi ya Wagogo, na mfano mzuri uko hapa hapa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alitengeneza marimba makubwa yenye funguo nyingi kuliko yaliyozoeleka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alirekodi albamu ya Assembly na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Canada. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema aliogopa vitu vipya. Na ukisikiliza zeze la Kigogo, lile linalopigwa kwa upinde, utasikia sauti inateleza na kulia bila mkono wa chuma wowote. Kazi yote iko kwenye kidole.

Hiyo ndiyo shule niliyoiruka. Gitaa letu linaruhusu kuvuta uzi kwa kidole mpaka noti ipande, na kuutikisa mpaka uimbe. Mimi nilitaka chuma kinifanyie kazi ambayo sikuwa nimeifanyia mazoezi. Ukweli mwingine nao usemwe: kidole hakiwezi kushusha kodi nzima kwa mpigo (siyo kodi ya TRA, kodi ya gitaa). Kwa hilo mkono unashinda.

Kwa hiyo sisemi tusifunge tremolo milele. Ipo aina ya Bigsby, inayokaa juu ya gitaa bila kuchimba tundu la springi. Kwa magitaa ya umbo kama letu kuna na bamba la kuifungia kwenye matundu ya skrubu yaliyopo tayari. Nayo inahitaji uangalizi kwenye tuni, lakini isipotufaa tunaifungua na gitaa linabaki kama tulivyolikuta. Ni ghali kuliko patasi ya fundi. Basi tuchange taratibu, na boom likitoka mimi nitakuwa wa kwanza kutoa.

Mwakani mimi nahitimu. Tundu nililoomba lingebaki hapa na watu ambao hawakuwepo kwenye kikao, na ambao huenda wanachotaka ni kupiga ridhimu tu. Waliotununulia gitaa hili walituachia likiwa zima. Ijumaa njooni tupige kura, na kabla ya kikao mtu alete kifutio tufute ile penseli.